Toba ya Pombe Asiyoinywa

Nyamu wa Ishiara aliokoka ulevi bila kuwahi kuonja pombe. Najua inavyosikika, lakini nilikuwa kanisani siku hiyo, benchi la tatu upande wa akina mama, na nilimwona akienda mbele huku mkono mmoja ukishika migongo ya mabenchi, moja baada ya jingine, sisi wote tukidhani ni uzito wa dhambi. Mchungaji Mbaka alimwekea mkono kichwani akapaza sauti mpaka mabati yakaitikia. Mama yake, Ciakuthii, alilia kwa kwikwi. Kanisa letu linampenda mlevi kuliko linavyompenda mtu mwema, maana mtu mwema hana ushuhuda wa kutoa, na Jumapili ile tulipata mlevi wa kwetu, kijana msafi, kinyozi wa sokoni, mwimbaji wa kwaya. Tulipiga vigelegele. Tuliimba mpaka jua likawa la utosini na ndengu nilizoacha jikoni zikaungua.

Ukweli nilikuja kuupata baadaye, kutoka kinywani mwake mwenyewe, na ndio huu.

Mambo yalianzia mkononi. Nyamu ana kibanda cha kunyoa karibu na stendi, chenye kioo kikubwa kilichopasuka kona moja, kiti cha kuzunguka ambacho hakizunguki, na picha za vijana wenye mitindo ya nywele ambayo hakuna mzee wa kwetu Mbeere angekubali kula nayo meza moja. Alikuwa na miaka ishirini na tano. Asubuhi moja aliamka vidole viwili vya mkono wa kushoto vikiwa na ganzi, kama mtu aliyeulalia mkono. Akaukung'uta, akaupiga pajani, akaenda kazini. Jioni ganzi ilikuwa bado ipo. Wiki ikaisha, ipo. Akajiambia ni mtetemo wa mashine ya kunyolea, kwa kuwa kinyozi aliyemfundisha kazi naye alikuwa akilalamika mikono. Binadamu akitafuta sababu ya kutoogopa huwa hakosi.

Kisha siku moja aliinama kumpunguzia mteja nywele za kisogoni, umeme ukamshuka kutoka shingoni, ukapita mgongo mzima hadi kwenye visigino. Akaruka nyuma. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba mashine imepiga shoti. Lakini stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi, na alichoshika mkononi kilikuwa makasi. Akainama tena, taratibu, kujaribu. Umeme ukashuka tena. Alimaliza kumnyoa yule mteja akiwa amesimama wima, shingo haigeuki, akiangalia chini kwa macho tu, na mteja akamuuliza kwenye kioo kama ana maringo siku hizi.

Lililofuata lilikuwa jicho. Akawa anaona wateja wawili kwenye kiti kimoja, na kama mnajua biashara ya Ishiara ilivyo, hiyo ingekuwa baraka kama wote wawili wangelipa. Alifumba jicho moja akaendelea kunyoa. Mwalimu mmoja mstaafu aliondoka na mstari wa paji la uso uliopinda kama barabara ya kwenda mtoni, na hakurudi tena. Halafu, bila dawa na bila maombi, kila kitu kikaisha. Jicho likatulia, ganzi ikapungua, hata ule umeme ukanyamaza. Nyamu alinunua mbuzi choma akala peke yake, kwa furaha ambayo hakuweza kumweleza mtu, kwa sababu hakuwa amemweleza mtu hofu yake. Miezi michache baadaye mambo yakarudi, na safari hii yakaja na mguu.

Mtu wake wa kuongea naye ilikuwa simu. Akikosa wateja alikuwa akiandika: ganzi mkononi, umeme shingoni, kuona vitu viwili, mguu mzito. Simu ilimjibu kila kitu, kuanzia upungufu wa vitamini hadi kaburi. Simu haijui kubembeleza. Alikuwa akisoma mpaka mdomo unamkauka, halafu mteja anaingia, anaiweka simu mfukoni na kuuliza, "Tunatoa yote ama tunaacha kidogo juu?"

Alienda zahanati. Ya kwanza ilimpa malaria, ya pili ikampa taifodi. Huku kwetu unaweza kuingia zahanati na mguu uliovunjika ukatoka na taifodi. Ya tatu alikuta kijana wa rika lake, amevaa koti jeupe lililompwaya, ambaye alimsikiliza nusu akacheka.

"Hii ni stress, bro. Uko na girlfriend?"

"Sina."

"Basi tafuta. Hii kitu itaisha yenyewe."

Mwishowe akafunga kibanda akaenda Embu, akamwambia mama yake anafuata vipuri vya mashine. Huko alikuta daktari mwanamke, mtu mzima, asiye na haraka. Alimwambia atembee kwa mstari ulionyooka, akamgonga magoti kwa nyundo ndogo ya mpira, akamwangalia ndani ya macho kwa tochi. Kisha akakaa.

"Sitakudanganya," akasema. "Sijui bado ni nini. Inaweza kuwa mambo ya mishipa ya fahamu, na inaweza kuwa kitu kingine chepesi. Tunahitaji picha ya kichwa na ya uti wa mgongo. Umekuja na nani?"

"Niko pekee yangu."

"Ukirudi usikuje pekee yako. Kuja na mtu wa kwenu. Kuna maneno mtu hafai kuyasikia akiwa yeye tu kwa hii room."

Nyamu alisema sawa, akaandikiwa tarehe ya kurudi. Akatoka akakaa kwenye benchi la nje, katikati ya familia za watu, kila mgonjwa na wake wa kumshikia mkoba, wa kumfungulia maziwa, wa kumgombeza kwa nini hakuvaa sweta. Aliniambia kwamba alihisi upweke ambao hakuwahi kuuhisi hata siku ya kumzika baba yake. Aliambiwa arudi na mtu, naye hakuwa na mtu.

Sasa mtauliza, si ana mama? Si ana dada? Anao, na hao ndio waliokuwa taabu yenyewe.

Dada yake ni Karimi, mwalimu wa chekechea, msichana wa kucheka kwa sauti. Alikuwa amepata mchumba, Koome, wa Ruiri kule Meru, aliyekutana naye chuoni, na ruracio, sherehe ya mahari, ilikuwa imepangwa Agosti. Basi mnajua desturi. Kabla mbuzi hawajatembea, maswali hutembea kwanza. Watu hawaoi msichana, wanaoa boma. Hutuma mtu mmoja aje kimyakimya aulize sokoni, kisimani, kwenye kinu cha posho: hawa wana mkono mrefu? Wana uchawi? Kuna wazimu, kuna kifafa? Kwa akina Nyamu kulikuwa na shangazi, dada ya baba yake, aliyekuwa na kifafa mpaka akaangukia moto akafa. Dada za shangazi huyo walikaa nyumbani miaka na miaka, wachumba wakifika getini na kugeuza. Daktari wa Embu hakuwa ametaja kifafa hata mara moja. Lakini soko la Ishiara halijasomea udaktari. Mtu akianguka, ameanguka, na akianguka katika boma ambalo mwingine alianguka, basi ni damu.

Ulevi hauzuii ndoa. Mlevi yuko kila boma. Wengine wao ndio wazee wanaopokea mahari.

Siku ya soko Nyamu alivuka barabara na ndoo ya maji, mguu wa kushoto ukakataa kumfuata. Alianguka juu ya ndengu za mama mmoja, ndengu zikatawanyika barabarani, akajaribu kuomba msamaha na ulimi ukawa mzito, maneno yakatoka yameshikana. Tena alikuwa ananuka spiriti, ile anayopangusia mashine. Mnatarajia nini? "Kinyozi amekolea mapema hivi!" mmoja akapiga kelele. "Mtoto wa nyoka ni nyoka," akajibu mwingine, kwa sababu marehemu baba yake alikuwa mlevi wa kujulikana hadi ng'ambo ya Tana. Watu wakacheka. Nyamu alibaki chini akiokota ndengu moja moja kwa vidole ambavyo havikuwa vikizisikia.

Jioni Mchungaji Mbaka na wazee wawili wa kanisa walikuwa wameketi sebuleni kwa Ciakuthii. Nyamu alikuwa ameamua. Alikuwa amechoka kuogopa peke yake, na alisema moyoni kwamba leo atasema kila kitu, kuanzia vidole.

"Nyamu," mchungaji akaanza, "sisi hatukukuja kama polisi. Tuambie tu. Ni pombe?"

Nyamu akainua mkono wa kushoto, aanzie kwenye vidole.

"Kwa sababu kama si pombe," mchungaji akaendelea, akishusha sauti, "basi watu wataanza maneno ingine. Unajua kulikuwa na yule shangazi yenu."

Karimi alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Vikombe vikagongana. Nyamu alimwangalia dada yake, akaona uso wake ukipauka, akajua kwamba yote aliyopanga kusema yangemwangukia yeye.

"Ni pombe, pastor," akasema. "Mnisamehe."

Kila mtu akashusha pumzi. Walifurahi! Mchungaji alimkumbatia, wazee wakanywa chai wakaongezwa, na Jumapili ndiyo ile niliyowaeleza.

Akapewa mlezi wa kiroho. Gachoki alikuwa amekunywa hadi akauza mlango wa nyumba yake, mlango wenyewe, na masika yakamkuta hivyo. Ndipo akaokoka, na ndiye aliyeaminiwa kumlinda Nyamu asirudi nyuma. Alifika kibandani kila siku, akakaa kwenye benchi la wateja, akatafuna njugu na kuuliza.

"Sasa wewe ulikuwa unakunywia wapi?"

"Hapa na pale."

"Hapa wapi? Mimi hii Ishiara nimelewa kila kona, hata kule mtoni. Mbona hatukuwahi patana?"

"Nilikuwa nakunywa pekee yangu."

Gachoki akatikisa kichwa kwa huruma nyingi. "Hiyo ndiyo mbaya kabisa. Ukikunywa pekee yako, unaumia pekee yako."

Nyamu akageukia kioo akajifanya anakipangusa. Hakuna aliyekuwa amemwambia neno la kweli kama hilo tangu mambo yaanze, na alilipata kwa kudanganya.

Hakuwahi kuzungukwa na watu wengi namna ile. Akina mama tulimpelekea uji. Vijana wa kwaya walimtumia mistari ya Biblia kwenye simu. Akiyumba kidogo, mtu anakuja karibu kunusa. Aliacha kutumia spiriti, akawa anachemsha vifaa vyake kwa maji, na bado tulimnusa. Wote tulikuwa tunamlinda dhidi ya kitu ambacho hakikuwepo, na kile kilichokuwepo kilikuwa kikipanda mguu taratibu, usiku na mchana, yeye na chenyewe tu. Nyumbani Ciakuthii hakumuuliza chochote. Alimtazama tu akila, na Nyamu akidhani anatazamwa kwa aibu.

Julai ndipo alipokuja mama mmoja wa Ruiri. Aliingia kibandani na gunia dogo la ndengu alilolinunua kama sababu ya safari, nywele fupi zenye mvi, mkoba mkubwa, akasalimu "Muga" kwa sauti ya watu wa Meru, na Nyamu akajua papo hapo kwamba ndiye aliyetumwa kuuliza.

"Nitolee hii nywele yote," akasema akikaa. "Jua yenu imenichoma mpaka akili."

Nyamu akamfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine.

"Wewe ndio Nyamu? Ndugu ya Karimi?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi ni Felicitas. Anti yake Koome. Nilikuwa nimeambiwa nizunguke nikiulizauliza, lakini mimi sipendi kuzunguka. Nauliza mwenyewe." Akamwangalia kwenye kioo. "Nimesikia mambo ya pombe. Pombe si kitu. Kwetu tuko na walevi wa kutosha, hata tunaweza kuwagawia. Na nasikia umeokoka, Mungu ni mwema. Mimi nataka jambo moja tu, na nakuuliza wewe, kwa sababu mtu ametubu mbele ya watu hawezi danganya. Kwenu kuna hii ugonjwa ya kuanguka?"

Mkono wa kushoto wa Nyamu ulikuwa umeshika sikio la yule mama, umelikunja ili mashine ipite. Hakuwa akilisikia. Alijua amelishika kwa kuangalia kioo tu.

"Kulikuwa na shangazi yetu, zamani," akasema.

"Huyo tumesikia. Mmoja si ukoo. Wawili ndio ukoo. Mwingine hakuna?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna kabisa?"

"Ni huyo tu."

Felicitas akafumba macho, akatabasamu, akamwachia kichwa chake kama mtoto anayeogeshwa. Nyamu alimnyoa vizuri. Aliniambia hajawahi kumnyoa mtu vizuri hivyo, polepole, mkono wa kulia ukiuongoza wa kushoto, na muda wote machozi yalikuwa karibu lakini hayakutoka, kwa sababu yule mama angeyaona kwenye kioo. Alipoondoka, Nyamu alirudisha mlango akaketi kwenye kiti cha wateja. Ile tarehe ya kurudi Embu ilikuwa imepita kitambo. Angeenda na nani? Karimi hakutakiwa kujua. Mama hakutakiwa kujua kabla ya ruracio. Gachoki angejua leo, na kesho ingesomwa kwenye matangazo ya kanisa. Akaamua kungoja Agosti iishe. Alijiambia mwili nao utangoja.

Mwili haukungoja. Ilipofika siku ya ruracio alikuwa anatembea kwa kurusha mguu kidogo, na akiulizwa anasema ni kiatu.

Watu wa Ruiri walifika na magari matatu na mbuzi wanaolalamika. Tuliwazuia getini kwa nyimbo kama inavyopasa, wakatujibu kwa Kimeru, tukacheka, tukafungua. Boma la Ciakuthii lilikuwa limependeza: tenti mbili, viti vya kukodi, jikoni moshi na harufu ya nyama. Karimi alifichwa ndani na wenzake, wote wamefunikwa leso gubigubi kutoka kichwa hadi miguu, wakingoja kutolewa mstari mmoja ili Koome amchague wake bila kuona uso. Koome alikuwa na jasho. Ukichagua vibaya unalipa faini na unachekwa mpaka uzeeni.

Nyamu, kwa kuwa ndiye mwana wa pekee wa nyumba ile, alipewa kazi ya heshima: kuwanawisha wageni mikono. Alishika jagi la maji ya moto mkono wa kulia na beseni mkono wa kushoto, akaanza upande wa wazee wa Ruiri. Akamnawisha wa kwanza, wa pili. Wakati huohuo wale wanawake waliofunikwa walikuwa wanatoka ndani mmoja mmoja, wakijipanga, na watu wakaanza kuimba. Nyamu alipiga hatua kwenda kwa mzee wa tatu, Kaimenyi, baba mkubwa wa Koome, na mguu haukuja. Beseni likaondoka kwanza, kisha jagi, kisha yeye mwenyewe. Maji yalimlowesha mzee Kaimenyi kuanzia kofia. Nyamu alijaribu kusema "pole, mzee," na kilichotoka kilikuwa uji wa maneno.

Wimbo ukakatika.

"Amerudia," mtu akasema.

"Haki kijana amerudia, na leo!"

Gachoki alijishika kichwa na kulia kama aliyefiwa. Wajomba wawili walimbeba Nyamu mzobemzobe wakampeleka nyuma ya jikoni, wakamlaza juu ya gunia karibu na sisi wapishi, wakarudi kutafuta taulo la mzee. Mchungaji Mbaka alikuwa tayari amesimama katikati ya tenti, mkono juu, akimkemea pepo wa pombe kwa jina la Yesu.

Hapo ndipo nilipomsikia Ciakuthii. Kwa desturi yetu mama wa msichana hasimami kusema mbele ya wazee wa pande mbili. Wapo wanaume wa kumsemea. Yeye alisimama, na akasema kwa Kiswahili ili wa Ruiri wasikose neno.

"Pastor, keti chini."

Mchungaji akakaa. Sijui kama alijua amekaa.

"Huyo mtoto hajalewa. Mimi nililala kitanda moja na mlevi mpaka nikamzika. Pombe naijua. Naijua ikiwa kwa geti, naijua matusi yake, naijua vile inaomba msamaha asubuhi. Hii siijui." Akawageukia watu wa kanisa. "Siku alisimama kanisani nilijua anadanganya. Nyinyi mliimba, mimi nikalia nikimwambia Mungu, tafadhali, iwe ni pombe. Kwa sababu pombe naiweza. Hii naiona inamkula kila siku kwa meza yangu na nimeogopa kumuuliza. Kijana wangu ni mgonjwa. Ni ugonjwa gani, sijui. Kama mnataka kurudi na mbuzi zenu, geti iko wazi."

Nyamu alisikia yote, amelala pale chini. Nilimwona akiziba uso kwa mkono. Alilia kwa sauti, bila aibu, na nilidhani ni uchungu. Kumbe, anasema, ilikuwa kwanza ni kupumua. Uchungu ulifuata alipomkumbuka Karimi.

Upande wa tenti ikapanda sauti ya Felicitas. "Nilimuuliza kwa mdomo wake! Aliniambia hakuna!" Na haki ilikuwa yake. Wazee wa Ruiri walinyanyuka kwa pamoja, wakatoka nje ya geti kuongea Kimeru chao, mzee Kaimenyi mbele akiwa bado anadondosha maji. Koome peke yake hakuwafuata. Alibaki amesimama mbele ya wale wanawake waliofunikwa, hajui achague au angoje.

Wengi hunikatiza hapa kuniuliza wale wazee waliamua nini. Waliamua jioni, na hayo ni ya Karimi na Koome.

Mimi nawaambia nilichokiona. Leso moja kwenye ule mstari ilisogea. Msichana aliyefunikwa hatakiwi kujitikisa, sembuse kutembea kabla ya kuchaguliwa, lakini ile leso ilitoka mstarini, ikampita Koome, ikapita meza ya mahari, ikaja moja kwa moja jikoni ikikwaruza sufuria zangu, kwa sababu haikuwa inaona mbele. Karimi akajifunua. Vipodozi vyote vilikuwa vimeshuka mashavuni. Nilifikiri amekuja kumtukana kaka yake, na ningemwelewa.

Aliketi chini, kwenye majivu na maganda ya viazi, na nguo yake ya siku ile.

"Karimi, nenda," Nyamu akasema, ulimi bado mzito. "Watu wanakungoja."

"Ni mguu gani?"

Katika boma lile, katika kanisa lile, katika soko zima la Ishiara, hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo.

"Nyamu. Ni mguu gani?"

"Wa kushoto."

Karimi akamvua kiatu, akamvua soksi, akaushika unyayo kwa mikono miwili. "Unanisikia hapa?"

"Sisikii."

Akapandisha mikono kwenye kifundo. "Na hapa?"

"Hapo pia sisikii."

Akapanda kwenye muundi, akibonyeza kidogo kidogo, mwalimu wa chekechea, bila haraka, huku wageni wakiwa nje ya geti wanaamua maisha yake.

"Hapa?"

Nyamu akafumba macho, akatulia, akatafuta.

"Kidogo," akasema. "Panda juu kidogo. Hapo. Hapo nakusikia."